Mgeni wa Alasiri

Mume wangu anamwonea wivu hata fundi bomba. Mwezi uliopita nilimwambia wazi: ukinichunguza tena, nafungasha virago naenda kwa kaka. Akaapa ameacha. Nikampa nafasi, maana nampenda, mpumbavu yule.

Yeye hutengeneza kompyuta dukani kwake mjini. Mimi nashona nyumbani, na michoro ya nguo naiweka kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux aliyoniundia mwenyewe. Jumamosi alipokuja kula akaifungua, eti anasafisha takataka. Mara kijiko kikabaki hewani.

"Kuna mtu anaingia humu kutoka nje. Kila alasiri, wiki nzima! Ni nani?"

"Nitajuaje? Mimi najua sindano."

"Nikiwa kazini! Halafu unajifanya hujui!"

Macho yalimtoka, mishipa ya shingo ikamsimama. Iliniuma, kweli iliniuma. Huyo mgeni hakuwa na sura, alikuwa namba ya mtandao tu kwenye kioo, lakini mume wangu alishamchukia utadhani kamkuta sebuleni kavaa kandambili zake.

Akawasha kinga ya mtandao, akaandika amri: yeyote wa nje asiingie, hata abishe hodi vipi. Akabonyeza kwa madaha, akarudi kazini kifua mbele.

Nilikuwa natia zipu kwenye gauni aliponipigia simu.

"Umezima kompyuta?"

"Inawaka. Kwani vipi?"

"Mbona nakataliwa kuingia?"

Nikatoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Kuingia wapi, baba watoto?"

Nikasikia mteja wake akikohoa.

"Tangu Jumatatu tuna laini mpya ya intaneti hapa dukani," akasema, sauti imemnywea. "Namba yetu ikabadilika. Sikuitambua."

"Kwa hiyo mgeni ni wewe."

"Nilikuwa naangalia tu..."

"Kama nina mtu."

Akakata simu.

Alirudi mbio, shati limelowa jasho. Akanikuta nakunja gauni la mteja, si nguo zangu, akashusha pumzi mapema mno. Akavuta kiti mbele ya kompyuta, vidole tayari.

"Usiguse," nikamwambia. "Amri yako nimeipenda. Ibaki."

"Hata mimi nisiingie, mke wangu?"

"Wewe pitia mlangoni kama watu wengine. Ukishindwa, kwa kaka kuna nafasi ya cherehani. Nimeshampigia."