Baada ya Tone la Damu

Muhtasari wa utafiti ulikuwa kurasa mbili tu, na Milcah Nekesa aliuandika kwa alasiri moja bila kutarajia mengi. Alitaka kuwapima watoto wachanga katika zahanati mbili, moja ya Kawangware na nyingine ya Dagoretti, ajue ni wangapi wanaozaliwa na selimundu. Huo ni ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe za damu hadi zikakwama mishipani, mtoto akalia kwa maumivu ambayo mama haoni yanakotoka. Familia nyingi za mitaa hiyo zilikuwa zimehamia kutoka magharibi mwa nchi, ambako ugonjwa huo unajulikana. Tone moja la damu kutoka kisiginoni lingetosha kuugundua.

Machi 2006 ikaja barua pepe kutoka kwa wakfu mmoja wenye ofisi Kitisuru. Muhtasari ulikuwa umewapendeza. Sasa walitaka pendekezo kamili kabla ya Pasaka: mbinu, ratiba, bajeti, maadili, kila kitu.

Daktari Kihara, mkuu wa maabara alikofanya kazi Milcah, alikuwa ameshanyimwa ufadhili mara mbili mfululizo. Siku hiyo alifunga mlango wa ofisi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akasema kwamba nafasi hii haitawaponyoka. Waligawana kazi. Yeye alichukua takwimu na bajeti, Milcah akachukua yaliyobaki.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Milcah alipofika kwenye sehemu ya maadili. Wafadhili waliuliza: mtoto akipatikana na ugonjwa, nini kitafuata? Katika muhtasari alikuwa amejibu kwa sentensi moja, kwamba watakaopatikana nao watapewa rufaa. Kihara alimshauri airefushe kidogo tu na kusonga mbele, kwani wafadhili wanatafuta idadi. Milcah alijaribu kuirefusha. Kila alichoongeza kilikuwa maneno ya kujaza nafasi, na yeye mwenyewe alijua.

Jumapili, baada ya kanisa, alikwenda kwa mama yake, Annah, aliyekuwa akiishi nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner. Alimkuta akichambua mrenda, akaketi kumsaidia. Kisha akamuuliza kuhusu Tobias. Huyo alikuwa kaka yake, aliyefariki kwa ugonjwa huo Milcah akiwa darasa la sita, na nyumbani kwao jina lake halikutajwa ovyo. Alitaka kujua mama aliambiwa nini siku ile ugonjwa ulipogunduliwa.

Annah hakuacha kuchambua. Alisema daktari alikuwa mtu mpole, hakumfokea. Alimtajia ugonjwa, akamwandikia kikaratasi cha kwenda hospitali kubwa. Alikwenda, akaambiwa anayehusika hayupo. Akarudi tena, akazungushwa mlango kwa mlango na mtoto mgongoni. Baadaye akaacha kwenda.

"Watu walidhani nilichoka," Annah alisema. "Sikuchoka, Milcah. Hakuna mtu alikuwa ananingoja huko."

Walimaliza kuchambua mboga. Milcah alikuwa amemlaumu mama yake kwa miaka mingi bila kumwambia, na alipokuwa akienda zake alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatatu aliiandika upya sehemu ile. Aliweka muuguzi katika kila zahanati, kliniki ya kila wiki, dawa za kumkinga mtoto na maambukizi, na mtu wa kuwapigia akina mama simu. Aliandika wazi kwamba kila mama atakayepelekwa mahali atakuta mtu anayemngoja. Ili gharama zisivuke kikomo, alipunguza idadi ya watoto hadi chini ya nusu.

Kihara aliisoma akiwa amesimama. Alipokasirika sauti yake ilikuwa ikishuka, na sasa ilishuka sana. Alisema takwimu zitakuwa dhaifu, na kwamba watu wa Kitisuru watauita huo msaada, si utafiti. Milcah alijibu kwamba swali ndilo lililobadilika. Wangechunguza kama mtoto anayegunduliwa mapema na kufuatiliwa anaepuka makali ya ugonjwa.

"Hiyo pia ni utafiti, Daktari."

"Ni utafiti ya mtu ameshapata pesa," Kihara alisema, akaondoka na karatasi zote.

Milcah alirudi nyumbani akiamini kwamba ile sentensi moja ingerudishwa mahali pake. Kumbe asubuhi alimkuta Kihara ameketi mbele ya kompyuta yake. Alikuwa amepiga hesabu upya. Idadi ile ingetosha kwa swali jipya, bora akina mama wengi wasikatize njiani. Na pale Milcah alipoacha nafasi ya jina la daktari wa kliniki, Kihara alikuwa ameandika lake.

"Jumatano mchana mimi niko," alisema. "Usiniwekee mshahara."

Nakala zilichapishwa na kujalidiwa katika duka moja la River Road, Kihara akazipeleka mwenyewe. Mwezi wa Mei waliitwa kuhojiwa. Mwenyekiti wa jopo, Bi. Wanjira, aliuliza kwa nini idadi iliyowavutia mwanzoni imepungua hivyo. Kihara alimtazama Milcah.

"Tulipopewa nafasi ya kueleza yote," Milcah alisema, "tuliona tulikuwa tumeahidi kuwahesabu watoto, halafu tuwaache."

Bi. Wanjira aliuliza tu kama wauguzi wamekubali. Walikuwa wamekubali.

Jibu lilikuja Juni. Walipewa zahanati moja badala ya mbili, kwa mwaka mmoja, na wa pili ungetegemea matokeo. Kihara alinung'unika kidogo, kisha akatuma watu wakalete soda.

Kufikia Desemba, kliniki ya Jumatano ilikuwa na akina mama kumi na mmoja. Mmoja wao, Ivyne, alitaka kujua kama anaweza kumpeleka mwanawe Clifford kwao Vihiga kwa Krismasi, nyanya yake hajamwona. Kihara alimweleza habari ya malaria ya huko, iliyo hatari zaidi kwa mtoto mwenye selimundu, akampa dawa na kumwonyesha kipimo chake. Milcah alimtafutia chandarua kidogo kabatini. Ivyne alikikunja, akakitia kwenye mkoba wa mtoto, akauliza Januari wanafungua tarehe ngapi.