Asante Yangu Alipewa Damiano

Mimi sijui kucheka na mtu nisiyemjua, na Dada Vestina alilijua hilo tangu siku aliyoniajiri. Alinichukua kwa sababu nina mikono miepesi na sivunji sahani. Lakini mwaka huu alikwenda Dar kwenye harusi, akala kwenye hoteli za watu, akarudi na maneno. Eti tutabasamu. Eti tuiname kidogo tukiweka sahani mezani. Akabandika na karatasi ukutani kwamba mteja ni mfalme, kisha akatupunguzia mshahara, maelezo yake ni kwamba kwenye hoteli za kisasa mhudumu anaishi kwa tipu, hela anayoachiwa na mteja. Tipu, Mpanda hii. Mtu kanunua wali maharage, kaomba mchuzi wa kuongezea, kaomba maji, kaomba kijiti cha meno, kaondoka na vijiti vingine mfukoni, halafu huyo ndiye nimtegemee nilipe kodi ya nyumba.

Hoteli yenyewe iko Kashaulili, nyuma ya soko. Wahudumu tulikuwa wawili, mimi na Glory. Glory ana meno mazuri na anajua kuyatumia, kwa hiyo vijana wa maduka ya simu walikuwa wanamwachia ya soda kila siku. Meza zangu mimi zilikuwa za wakulima na wafugaji waliokuja mjini kwa shida zao. Hao wanakula, wanamshukuru Mungu, wanaondoka.

Na hela nilikuwa naitaka kweli. Mama Celestin, mwenye kibanda cha chakula pale stendi, alikuwa anahamia Sumbawanga kwa mwanawe. Alitaka kukiachia kibanda pamoja na masufuria na mabenchi yake. Aliniambia, Tereza, niletee kianzio kabla mwezi haujaisha, kinachobaki utalipa polepole, usipoleta nampa mwingine. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu, na hicho kidogo hakikuja. Nilikuwa nalala nakiota kile kibanda, naamka naenda kumwinamia mtu anayenipigia mluzi kama anaita mbwa.

Sasa kati ya wateja wangu alikuwepo Mzee Ndaki. Msukuma, mfugaji, anakaa huko mbele ya Mwamkulu, ng'ombe wake ukiwaangalia huoni mwisho wa kundi. Wakati wa kiangazi alifanyiwa upasuaji wa taya, akawa anakuja mjini kusafishwa kidonda, na akitoka hospitali anapitia kwetu. Hawezi kutafuna. Siku ya kwanza nilimkuta anaitazama nyama kwenye sahani, machozi yanamlengalenga, mtu mzima. Nikaichukua ile sahani nikarudi nayo jikoni. Nikaichambua nyama nyuzi nyuzi, nikaiponda, nikalainisha ugali kwenye mchuzi mpaka ukawa kama uji, nikaupoza, nikampelekea na kijiko kidogo. Kuanzia siku hiyo nilimfanyia hivyo kila alipokuja. Vestina alinuna kwamba namaliza muda kwa mteja mmoja. Nilimnunia na mimi.

Kiangazi chote kile Mzee Ndaki hakuwahi kuniachia hata mia. Analipa chakula, anavaa kofia, ananiambia, "Mungu akuone, mwanangu," anaondoka. Glory akawa ananitania.

"Babu yako amekuachia baraka tena? Nenda nazo dukani wakupe sukari."

Nilikuwa namcheka Glory, lakini rohoni iliniuma. Sikumpondea nyama yule mzee kwa ajili ya hela, hapana. Ila mtu una zizi zima, na unamwona mwenzako viatu vimemwisha, hivi ya soda tu inakushinda?

Nyumbani nako, Nsemulwa, kulikuwa na mwingine. Mume wangu Damiano. Kila jioni swali ni lilelile, leo wamekuachia ngapi? Nikisema hawajaniachia kitu, ananipa somo. Eti nachangamka kidogo sana. Eti uso wangu unafukuza riziki. Yeye wakati huo alikuwa anafyatua tofali siku akijisikia, na mara nyingi hakujisikia. Ndipo kiangazi kikiwa ukingoni akaja na pikipiki ya kufanyia bodaboda. Imetumika, lakini nzima. Akaniambia amekopa kwa rafiki yake wa zamani, deni atalilipa yeye mwenyewe, nisijali. Mimi nikafurahi jamani. Nikamchinjia kuku. Halafu nikafungua akiba yangu, ile ya kibanda, nikamlipia bima ili trafiki wasimsumbue. Sasa unaelewa kile kidogo nilichobakiza kwa Mama Celestin kilitokea wapi.

Basi juzi, siku ya mnada, Mzee Ndaki akaingia hotelini. Taya limepona, amenenepa, anatembea kama kijana. Nikamwamkia Kisukuma, mwangaluka, maana nilikuwa nimejifunza kwake. Akaagiza nyama ya kuchemsha, akaitafuna mbele yangu kwa makusudi ili nione. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Alipomaliza akaniuliza, "Mtamba anaendeleaje? Ameshapandwa?"

Nikadhani amenichanganya na mtu. "Mtamba gani, mzee?"

"Yule mwekundu. Niliyekuletea."

Nikakaa kwenye benchi mbele yake, jambo ambalo Vestina amekataza. Nikamwambia anieleze vizuri. Akaeleza bila wasiwasi, kama mtu anayesimulia jambo la kheri. Alipopona alichagua mtamba, ng'ombe jike zuri ambalo halijawahi kuzaa, akauliza ninapoishi, akamswaga mpaka Nsemulwa yeye na mwanawe. Akamkuta Damiano amekaa kivulini. Akamkabidhi kamba. Akamwambia mke wako amenilisha nilipokuwa siwezi kula, hii ni asante yake. Damiano akapokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akasema atanieleza.

"Kwa nini hukunipa mimi?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Wewe ni mke wa mtu. Nikuite pembeni nikupe kitu mkononi, watu waseme nini? Mumeo angenielewaje? Kwetu mke wa mtu akikufanyia wema, unamshukuru mwenye mji."

Kumbe hata ile ya soda. Kiangazi chote yule mzee alikuwa ananiheshimu, na heshima yake ndiyo iliyoninyima. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa pa kuanzia. Kwa Damiano sikushindwa. Nilikumbuka ile pikipiki ya mkopo, na yule kuku niliyemchinja, nilivyompa paja. Mwanamume amekula mtamba wangu, akala na kuku wangu, na kila jioni ananiuliza wamekuachia ngapi. Alikuwa anajua jibu kuliko mimi.

Nikavua aproni nikaiweka mezani. Vestina akauliza naenda wapi, wateja wamejaa. Nikamwambia wafalme watajihudumia leo. Kisha nikamgeukia Mzee Ndaki nikamwambia tunakwenda kijiweni kwa Damiano, mimi na yeye.

"Mambo ya mke na mume mimi siingii, mwanangu."

"Uliingia siku ile na kamba mkononi, mzee. Maliza safari."

Akanyanyuka. Kijiwe cha bodaboda hakiko mbali, ni pale kona ya soko. Damiano alikuwa amelalia pikipiki, mguu mmoja juu ya usukani, anachezea simu. Alipomwona mzee nyuma yangu alishusha mguu polepole. Sikusalimia mtu.

"Damiano, hii pikipiki ni ya nani?"

"Mama nanihii, twende nyumbani tukaongee."

"Naulizia hapa. Ni ya nani?"

Wenzake wa bodaboda wakageuka kutazama. Mwenyekiti wao anaitwa Salvator, mtu wa makamo, wanamheshimu. Akasogea akasema shemeji, kuna nini? Nikamwambia amuulize huyu mzee. Mzee Ndaki akakohoa, akaeleza tena vilevile, bila kuongeza wala kupunguza, na alipofika kwenye kamba na mikono miwili Damiano alikuwa anaangalia tairi la mbele.

"Nilimuuza, ndiyo," akasema mwishowe. "Lakini si nimenunua kitu cha nyumba? Mimi na wewe mali si moja?"

"Kama ni moja, mbona uliniambia umekopa?"

Akafuta tangi kwa kiganja. Kijana mmoja akacheka, Salvator akamkata jicho.

"Uliniacha niinamie watu," nikamwambia. "Naambiwa sina tabasamu, narudi nyumbani wewe nawe unaniambia sina tabasamu. Unajua kabisa kwamba uso huuhuu umekuletea ng'ombe mzima ukiwa umekaa kivulini. Ukachukua na hela yangu ya bima juu yake. Hukusikia hata aibu kumeza ile nyama ya kuku?"

"Ningekwambia."

"Lini?"

Nikamgeukia Salvator. Nikamuuliza, hapa kijiweni, mtu anayeendesha pikipiki ya mwenzake anafanyaje? Akakuna kidevu. Akasema anapeleka hesabu, hela ya siku, kwa bosi wake kila jioni, hiyo hata mtoto anajua. Na asipopeleka? Ananyang'anywa funguo. Basi, nikasema, bosi wa hii pikipiki ndiyo mimi. Nimeinunua kwa mtamba na kwa bima, na sijawahi kuona hesabu hata ya siku moja.

Damiano akamtazama Salvator ili amtetee. Salvator akatazama chini, akasema, "Kaka, hapo mimi sina la kusema. Lipa hesabu."

Alikuwa na hela kwenye mfuko wa koti, aliiweka kwa ajili ya tairi jipya. Akaitoa yote, akanipa huku ameuma meno. Ilitosha kwa Mama Celestin. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama sasa roho yangu imetulia. Nikamwambia haijatulia, washa pikipiki, nipeleke stendi.

Mzee Ndaki akabaki pale amesimama. Aliniambia nimsamehe, hakujua. Nikamwambia nimemsamehe, lakini siku nyingine mtu akikulisha, mpe yeye mbele za watu wote, na atakayesema aseme. Akatikisa kichwa. Sikujua kama amekubali au ndiyo hivyo tu anatikisa.

Njiani sikumshika Damiano kiuno. Nilishika chuma cha nyuma. Upepo ulinipiga usoni, nikaanza kulia kwa hasira, nikajifuta kabla hatujafika. Damiano akaegesha pikipiki, akaja kusimama nyuma yangu.

Mama Celestin alikuwa anafunga vyombo kwenye maboksi. Aliponiona akapiga kigelegele kidogo. Akasema alikuwa ameshakata tamaa, kuna mwanamke anaitwa Pelagia alikuwa anakuja kesho kuangalia kibanda. Nikatoa kile nilichokuwa nimeweka, nimekifunga kwenye kitambaa kifuani, nikaongeza hesabu ya Damiano, nikampa. Akahesabu, ikatimia. Akaniambia hongera, Tereza, sasa na wewe utakuwa mama mwenye hoteli.

Kisha akafungua mkoba wake akatoa funguo za kibanda. Za mlango na za stoo, zimefungwa kwa uzi mweusi. Mwanamke mwenzangu, aliyepika miaka yote hiyo mwenyewe, ambaye mume wake hata kuni hakuwahi kumkatia. Akanipita na macho. Akanyoosha funguo juu ya bega langu, kwa adabu, goti limepinda kidogo.

"Shika, baba," akamwambia Damiano.

Na Damiano, jamani, baada ya yote yale, mkono alikuwa ameshaunyoosha.