Barafu ya Upande wa Kushoto

Sista Euphrasia alipouliza ni nani mle wodini anayejua kushona, Apolonia alijibu "mimi" kabla hajajua kinachotakiwa kushonwa. Kwao Ushirombo alikuwa fundi wa kutegemewa. Hata sare za kwaya ya parokia alizishona yeye. Pale kwenye hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka nyumbani, alikuwa muuguzaji tu, na kuuguza kulimchosha kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya.

"Ni kofia," Sista akamwambia. "Ya kumvisha mdogo wako siku ya dawa."

Mdogo wake, Salvina, alikuwa ameondolewa titi la kulia mwezi wa Machi, mwaka ule wa 1983 ambao sabuni na nguo vilikuwa haviko madukani. Kidonda kilipopona, Daktari Ansgar, mgeni kutoka Ulaya aliyezungumza Kiswahili cha polepole, aliwaita ndugu hao wawili akawaeleza yaliyobaki. Kuna dawa nyekundu ya kuingizwa kwenye mshipa, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Dawa hiyo inaisaka kansa popote ilipojificha, lakini inaangusha nywele. Kule kwao, alisema, wameanza kukipoza kichwa kwa barafu wakati dawa inaingia. Kichwa kikiwa baridi sana, damu inayofika kwenye ngozi yake hupungua, dawa nayo hufika kidogo, na mara nyingine nywele hubaki.

"Siahidi kitu," akasema. "Tutajaribu."

Salvina, ambaye hakulia alipoambiwa habari ya titi, alilia hapo. "Nina watoto wadogo, Daktari. Kwetu mwanamke akinyoa kichwa ni msiba. Wakiniona kipara watajua nimerudi kufa."

Apolonia alimpa ncha ya khanga yake ajifute machozi. Moyoni alikuwa anasema mengine. Alikuwa anasema kwamba hata ugonjwa huu mkubwa, unaoua watu, umeombwa upite pembeni usiziguse nywele za Salvina.

Nywele zile alizijua tangu zilipoota. Zilikuwa nzito na nyeusi, zinashuka mpaka mabegani zikifumuliwa, na mama yao alikuwa akimaliza Jumamosi nzima kuzisuka, kichwa cha Salvina kimelala mapajani mwake. Za Apolonia zilikuwa chache, laini, hazikui. Kusukwa kwake kulichukua muda wa kuchemsha chai, kisha mama alimpigapiga begani na kumwambia haya, nenda. Ndiyo maana alizoea kilemba tangu msichana.

Hayo ya utotoni angeweza kuyasahau. Aliyoshindwa kuyasahau ni ya Otmar. Apolonia alipokuwa na miaka ishirini na mbili, Otmar alianza kupita kwao kila Jumapili baada ya misa. Mara shati limefumuka, mara suruali inataka kupunguzwa. Kijana mwenye mashati mawili hawezi kuwa na marekebisho mengi kiasi kile, na mama yao alikwisha kuanza kumkaribisha kwa maziwa. Jumapili moja alimkuta Salvina amekaa uani juu ya kigoda, kichwa wazi, nywele zimejaa mabegani, anazipaka mafuta. Siku hiyo Otmar aliondoka na shati lake mkononi, alisahau kulitoa. Miezi mitatu baadaye wazee wake walikuja kuposa, wakamtaja Salvina. Apolonia ndiye aliyeshona gauni la harusi. Hakuna aliyemuuliza kitu, naye hakusema kitu, mwaka wa kumi na moja sasa.

Kofia aliishona kwa shuka kuukuu la wodi, tabaka mbili, yenye mifuko minane kuzunguka kichwa chote. Kwenye kila mfuko iliingia nailoni iliyojaa barafu iliyopondwa, kisha kamba zikafungwa kidevuni. Sista Euphrasia aliigeuzageuza, akavuta mishono, akasema hajaona kazi safi kama ile.

Siku ya dawa ilianza kwa kelele za mchi. Barafu ilitoka kwenye jokofu la mafuta ya taa, ikatiwa kwenye gunia safi na kupondwa. Nywele za Salvina zililowanishwa na kugawanywa kwa chanuo ili baridi ifike kwenye ngozi. Masikio yakazibwa kwa pamba. Mwili ukafunikwa mablanketi mawili. Kofia ilivaliwa dakika ishirini kabla ya dawa, ikabaki wakati dawa inaingia, na nusu saa zaidi baada ya hapo. Katikati, barafu ilikuwa inalainika, hivyo kila nailoni ilibidi itolewe na kuwekwa nyingine.

"Ni kama kichwa kimebanwa mlangoni," Salvina alisema mara ya kwanza, meno yanagongana. Aliushika mkono wa dada yake mpaka kucha zikaacha alama.

Baada ya dawa ya tatu, nywele zilikuwa zimepungua kidogo tu. Manesi walikuja kuzitazama. Kitanda cha dirishani alilazwa mwalimu mmoja wa Kambarage, Shinyanga mjini, jina lake Bernadina, mwenye ugonjwa uleule, naye alikuwa akingoja kuanza. Asubuhi moja alimwita Apolonia.

"Dada, na mimi utanishonea?"

"Nitakushonea, mwalimu. Sista akipata shuka jingine."

Siku moja kabla ya dawa ya nne, Otmar alifika kutoka Bulyanhulu alikokuwa akichimba dhahabu. Udongo wa mashimoni ulikuwa bado kwenye kucha zake. Alimpata Apolonia mlangoni, ameshika beseni la matapishi alilokuwa ametoka kulisafisha.

"Pole na kuuguza, shemeji."

"Nimekwisha poa."

Akampita. Aliketi kitandani kwa mke wake, akamwomba afungue kitambaa, akaingiza vidole kwenye nywele zile taratibu, kama mtu anayepapasa nguo ya thamani dukani.

"Bado zipo," akasema, anacheka. "Unajua hizi ndizo zilizonileta kwenu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, bila ubaya wowote, na pengine hakukumbuka kabisa kwamba kuna mtu mwingine amesimama pale. Apolonia aliweka beseni chini ya kitanda. Miaka yote hiyo alikuwa akikisia. Sasa alikuwa amesikia kwa masikio yake. Wivu ulimpanda. Alitoka nje, akafua khanga ambazo zilikuwa safi.

Kesho yake dawa ilikuwa imekwisha kuingia nusu wakati nesi alipokuja mbio kumwita Sista Euphrasia kwa mama aliyekuwa akijifungua kwa shida.

"Badilisha barafu wewe, Apolonia," Sista akasema akivua aproni. "Unajua kazi."

Aliijua. Alianza upande wa kulia: akatoa nailoni nne, akaweka mpya nne. Akazunguka kitanda. Upande wa kushoto aliingiza vidole mfukoni, akaigusa nailoni ya kwanza. Ilikuwa maji. Ya pili maji, yenye vipande viwili vitatu vinavyoogelea. Ndoo ya barafu ilikuwa miguuni pake. Hakuinama. Alisimama vilevile, kiganja juu ya kofia aliyoishona mwenyewe, akitazama dawa nyekundu ikishuka tone baada ya tone.

"Dada," Salvina akasema, macho amefumba. "Huku kushoto sisikii baridi."

"Kichwa kimezoea. Tulia."

Salvina alifumbua macho, akamtazama kwa muda. Kisha akayafumba tena.

Mambo yalipokwisha, barafu iliyobaki Apolonia aliipeleka nje, akaimwaga chini ya mpapai, akaisimamia mpaka ikayeyuka yote.

Siku kumi na mbili zilipita. Asubuhi ya kumi na tatu Salvina alipoinua kichwa, mto ulibaki na nywele. Alipopitisha chanuo upande wa kushoto, zilitoka shada zima, bila kuvutwa. Jioni, kuanzia juu ya sikio mpaka utosini palikuwa peupe, na upande wa kulia nywele zimesimama vilevile. Hakulia. Aliziokota moja moja kwenye shuka, akazikunja ndani ya gazeti.

Apolonia alikuwa akiingoja furaha. Aliingoja siku ile, na siku iliyofuata. Badala yake chakula kilimshinda, na kila Salvina alipogeuza shavu la kushoto alijikuta anatazama dirishani.

Daktari Ansgar alikuja, akakigusa kichwa, akaandika. Alimwambia Sista Euphrasia, hapohapo mbele ya kitanda, kwamba njia hii haifai hapa. Pengine barafu ya jokofu lile haina baridi ya kutosha. Inawatesa wagonjwa bure. Mwalimu Bernadina aanze dawa wiki ijayo bila kofia.

Bernadina alisikia. Aligeukia ukuta, akavuta shuka mpaka shingoni. Apolonia aliuona mgongo wake ukitetemeka chini ya shuka, mgongo wa mtu ambaye hajamkosea chochote maishani mwake.

Alimfuata Sista Euphrasia chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Sista, barafu haina kosa. Upande wa kushoto sikubadilisha."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Sista alikuwa anahesabu vidonge. Aliacha. Akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Umemwambia mdogo wako?"

"Bado."

"Basi umeanzia mahali sipo. Nenda kwake. Daktari nitamwambia mimi."

Salvina alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani, anaota jua. Apolonia hakuweza kukaa. Alisema akiwa amesimama, kwa maneno machache, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Najua," Salvina akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulikuwa umeshika maji. Nilihisi. Ningekuwa na nguvu siku ile ningeinuka." Alijipapasa kichwa, upande wenye nywele. "Ni habari ya Otmar."

"Ni habari ya Otmar."

Mgonjwa mmoja alipita akiwaamkia, wakamwitikia wote wawili.

"Nami nina langu," Salvina akasema. "Jumapili ile nilikusikia ukimwambia mama kwamba anakuja. Nilikwenda uani nikafumua nywele makusudi. Nyumba nzima ilikuwa Apolonia ana mikono, Apolonia ana akili, mimi mtu wa kutumwa maji. Nikasema leo na mimi nitazamwe. Mara moja tu."

Apolonia akaketi. "Alipoposa, mbona hukukataa?"

"Kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumtaka."

Hilo liliuma kuliko yote, na ajabu ni kwamba lilimpa pia pumzi. Miaka kumi na moja alikuwa akijiuliza kama ameota tu. Kama Otmar kweli alikuja kwa shati. Kumbe kulikuwa na kitu cha kuibiwa, na mwizi alikuwa amekaa hapa, nusu ya kichwa chake wazi, anamkodolea macho bila kuomba radhi.

"Nitarudi nyumbani," Apolonia akasema. "Nitamleta shangazi aje akuuguze."

"Hapana. Zimebaki sindano mbili. Utakaa uzimalize." Salvina alisema bila kupandisha sauti. "Kalete wembe. Siwezi kukaa hivi nusunusu."

Alimnyoa pale benchini, polepole, akiogopa kumkata.

Daktari alikasirika sana, lakini hakumfukuza. Alisema Bernadina avae kofia, na barafu ibadilishwe na nesi, mtu mwingine asiiguse. Apolonia akaishona kwa siku moja. Bernadina aliimaliza mizunguko yake nywele zake zimepungua, lakini bado angeweza kusimama mbele ya darasa bila kilemba.

Otmar alirudi kabla ya dawa ya tano. Apolonia aliona tangu mbali anavyotembea, naye moyo wake mbaya, ambao alidhani amekwisha kuutubu, ukaanza tena kungoja. Alitaka kuuona uso ule ukianguka. Otmar alisimama mbele ya kitanda, akakitazama kichwa kilichonyolewa, akaketi mahali pake pa siku zote. Aliweka kiganja utosini kwa mkewe.

"Hakisikii baridi?" akauliza. "Nikuletee kofia ya sufu kutoka Kahama?"

Basi, ni hilo tu. Wakala ugali na maharage watatu pamoja, na kila tonge Apolonia alilolimeza alikuwa akingoja Salvina aseme. Salvina alizungumza habari za watoto na habari za pamba. Hakusema, siku ile wala baadaye.

Waliondoka mwishoni mwa Julai, juu ya lori la pamba. Nyumbani, watoto walimsogelea mama yao kwa kusitasita. Mdogo alikigusa kichwa, akaona ni chenye joto, akapanda mapajani. Salvina alipona. Nywele zilirudi, fupi zaidi na zenye mvi, na aliziacha hivyohivyo.

Na Apolonia? Wivu haukumtoka. Ulikuja na kuondoka, hasa alipowaona wale wawili wakicheka kwa jambo asilolijua. Ila sasa kulikuwa na mtu mmoja aliyeujua wote, na mtu huyo alimwalika chakula kila Jumapili baada ya misa. Alikwenda. Jumapili nyingine alikaa mpaka jioni. Nyingine alikula upesi, akaaga, akarudi kwake mapema, na Salvina akamsindikiza mpaka njiani bila kumuuliza kwa nini.