Vidole Visivyosomeka

Asubuhi hiyo fundi aliingia karakana mapema amalizie kikombe cha mguu bandia wa mama muuza mayai. Kikombe ndicho kinachopokea kigutu, na kikikosewa kidogo tu mtu hatembei, anateseka. Alikipakata mapajani, mkono wa kushoto umekishika ukingoni, wa kulia umezama ndani ukizungusha msasa. Mara kwa mara alisimama, akapitisha ncha za vidole, akafumba macho, kisha akaendelea.

“Leo ungekaa tu kama bibi harusi,” alisema mwenzake. Walimwita Chuma kwa sababu kazi yake ilikuwa vyuma na mikanda, na pia kwa sababu alikuwa mwembamba kama waya. “Ukienda kwenye viza na vumbi hilo, watadhani umetoka kusaga unga.”

“Ni vumbi la kazi. Si naenda kuomba kazi?”

Karakana ya miguu bandia ilikuwa nyuma ya hospitali, kati ya chumba cha kufulia na jenereta. Plasta ilikuja kwa kuchelewa, mshahara nao ulikuja ulipojisikia. Ndiyo maana Chuma alimpiga video akiwa kazini, akaituma kwa mwanamke mmoja mwenye karakana ndogo ng’ambo. Yule mwanamke akajibu kwamba amependa mikono ile, ila hamwajiri mtu ambaye hajafanya naye kazi. Aje wiki mbili tu, meza kwa meza, alipwe kila siku atakayofanya. Wakielewana, ataandikiwa mkataba na kuhamia moja kwa moja. Mama yake fundi, aliyekuwa nyumbani mbali, alishaanza kupanga vyumba vya nyumba ambayo haijajengwa.

Simu ilimwomba kidole ifunguke. Ikakikataa, kama ilivyozoea. Akabonyeza namba ya siri, akatazama saa, akanawa mikono na kuondoka.

Kwenye kituo cha viza mlinzi alimwambia avue mkanda, kisha akamwambia auvae, kisha akamwambia asubiri. Jua lilikuwa limeshapanda alipofika dirishani. Karani alikuwa msichana wa rika lake, na alimweleza taratibu, kama mtu aliyechoka kueleza. Akichukua viza ya matembezi, haruhusiwi kulipwa hata senti. Akitaka ya kazi, alete mkataba.

“Mkataba wanautoa baada ya kunijaribu,” alisema kwa sauti ndogo. “Nikiwaomba wasinilipe?”

“Kule anayefanya kazi lazima alipwe. Wasipokulipa wanapigwa faini wao.”

Akaisukuma tena mbele barua ya yule mwanamke wa ng’ambo. Karani akaisoma barua ya mwajiri mara ya pili, akafungua droo, akatoa karatasi nyingine. Kulikuwa na kibali cha tatu, alisema, cha jaribio fupi la kazi lenye malipo, ambacho wachache wanakijua. Barua ile ilitosha.

“Wengi hapa wanasema wanakwenda kutembea. Wewe umesema kweli, dada, na kweli imekusaidia. Haya, weka vidole vinne hapo.”

Akaviweka juu ya kioo cha mashine ya alama za vidole. Taa ikawa nyekundu. Karani akamwambia abonyeze zaidi, kisha apanguse, kisha apake mafuta kidogo, kisha abadilishe mkono. Kila mara ilikuwa nyekundu. Wa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kusonya. Akaitwa mkubwa wao, mzee mwenye miwani, ambaye alikishika kiganja chake na kukigeuzageuza kama anayechagua nyanya sokoni.

“Unafanya kazi gani?”

“Natengeneza miguu.”

“Basi miguu imekula vidole.”

Aliuliza kama angeweza kurudi kwenye zile viza mbili za mwanzo. Mzee akamwambia milango yote mitatu ina mashine hii hii. Ngozi itarudi, alisema, akiipumzisha. Asiguse plasta, asiguse msasa, apake mafuta asubuhi na jioni, arudi Ijumaa ijayo.

“Na ikikataa tena?”

Mzee alitazama tarehe kwenye barua. Jaribio lilianza Jumatatu baada ya Ijumaa hiyo. “Isikatae,” alisema, akamwita anayefuata.

Njiani alizitazama ncha za vidole vyake. Zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Zilikuwa na ganzi tangu mwaka wake wa kwanza kazini, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kimeondoka.

Aliporudi karakana kuomba likizo hadi Ijumaa hiyo, msimamizi hakuinua kichwa. Alimwuliza kama ana cheti cha daktari. Akajibu kwamba haumwi.

“Basi likizo hakuna. Nani apige msasa? Huyo Chuma?”

Hakuwa mkali. Fundi mwingine wa vikombe alihama mwaka uliopita, na nafasi yake ilikuwa bado inasubiri kibali kutoka juu.

Chuma alimtafutia glavu. “Vaa, mheshimiwa. Kuanzia leo hugusi uchafu.”

Mama muuza mayai alikwisha kufika, amekaa kwenye benchi na magongo yake. Tangu akatwe mguu hakuwa ameuza hata yai moja, maana mtu wa magongo hana mkono wa kubebea trei. Walimvisha mguu, wakamfunga mikanda. Akasimama. Akapiga hatua moja, ya pili, akarudi kukaa.

“Ni mzuri tu, mwanangu. Nitazoea.”

Wote husema hivyo, kwa kuogopa kurudishwa mwisho wa foleni. Lakini alikuwa ameuma mdomo. Fundi alipiga magoti, akauvua mguu, akaingiza mkono ndani ya kikombe. Akapapasa. Alichohisi ni mpira wa glavu tu. Akajaribu tena, polepole, akafumba macho. Mpira.

Chuma aliacha kugonga.

“Mama, usizoee,” alisema fundi, akazivua glavu.

Ngozi ilikuwa imekufa ganzi, lakini chini yake kulikuwa na kitu ambacho bado kilijua. Akakipata: kijivimbe kama punje ya mchele, pale mfupa unapoegemea. Akachukua msasa.

Simu ikaita; alikuwa mama yake. Mikono yake ilikuwa imeshajaa vumbi, kwa hiyo Chuma akaipokea na kumshikia sikioni.

“Wamekubali, mwanangu?”

“Wamesema niipumzishe mikono kwanza, mama.”

“Basi ipumzishe. Unanisikia? Usiguse kitu.”

“Ndiyo, mama,” alisema, na vumbi likaendelea kumwangukia magotini.