Jiwe Chini ya Miguu ya Mellen

Jiwe lile nililichagua mwenyewe. Lilikuwa bapa, pana kama sahani ya ugali. Nililiokota kando ya mfereji nyuma ya dispensari, nikalibeba kwapani mpaka shambani huku nikijisifu moyoni kwamba mimi, Kepher Obiero, dresa, mgawa dawa wa shamba la chai, nina akili kumshinda Mzungu aliyeniajiri. Sijawahi kuwa mjinga kama siku ile.

Ulikuwa mwaka wa thelathini na tano. Mvua za masika zilikataa kwisha, na malaria ilipanda milimani kwetu kama mgeni asiyejua kuaga. Kila asubuhi foleni ya wagonjwa ilianzia mlangoni pangu na kuzunguka ghala la mbolea. Niliwapokea mmoja mmoja. Kwanza naitisha tikiti, ile karatasi ya siku thelathini ambayo nyapara aliitia alama kila jioni mtu akimaliza kazi. Baada ya tikiti, ulimi. Baada ya ulimi, kwinini, nayo ilimezwa mbele yangu na kinywa kikafunguliwa nione hakuna kitu shavuni. Ndivyo nilivyofundishwa, nami nilikuwa mwanafunzi mwema kupita kiasi.

Asiye na tikiti hakuwa na dawa. Bwana alilisema hilo siku aliyonikabidhi ufunguo wa kabati: dawa ni ya kazi. Akaniambia pia kwamba kila Jumamosi atahesabu vidonge, na kwamba dresa aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu ya vidonge sita. Nilikuwa na kofia ya kazi, nyumba ya mabati na jina la "daktari" ambalo watu walinipa bure. Sikutaka kuvipoteza kwa vidonge sita. Hata sikuona kuna ubaya. Kwangu dawa ilikuwa kama jembe: chombo cha shamba, hupewi kama hulimi.

Nyanchoka alikuja siku ya Jumanne. Alikuwa mke wa Ombati, mtu wa kutoka Kisii aliyefanya kazi ya kupogoa chai. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wake mdogo, Nyakundi, na mkononi alimkokota Mellen, binti wa miaka saba. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi, maana shamba halikuandika wanawake wenye watoto mgongoni. Mellen alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana.

"Daktari, huyu mtoto anachomeka," Nyanchoka akasema. "Usiku mzima ameongea maneno hayana kichwa."

"Tikiti iko wapi, Mama Mellen?"

"Tikiti ni ya baba yake. Ndiyo hii."

"Basi dawa ni ya baba yake."

Nilisema hivyo. Niliyasema maneno hayo kwa sauti ya mtu aliyeshiba, foleni nzima ikisikia, na wengine wakacheka kidogo kwa sababu walikuwa wagonjwa na walitaka zamu yao ifike. Nyanchoka hakugombana. Alikaa chini kando ya mlango, akampakata mtoto, akangoja kana kwamba mimi ndiye nitakayechoka.

Ombati alikuwa amejaribu jana yake. Alikuja akijishika kichwa, akisema ana homa, na ngozi yake ilikuwa baridi kama mtungi. Nilimpa kidonge, nikamwambia ameze, nikamwambia afungue kinywa. Alinitazama, akameza. Nilijua kidonge kile alikitakia nani.

Utasema, si wangeenda hospitali ya Kericho? Mto ulikuwa umejaa na daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Mtu mzima mwenye nguvu angezunguka kwa siku mbili. Mtoto anayetetemeka angefika akiwa mzigo wa kuzika.

Foleni ilipokwisha Nyanchoka alikuwa bado pale. Ndipo nikapata wazo langu la kijanja.

"Mama Mellen," nikamwambia, "bwana anaandika watoto wa kuchuma. Huyu akiandikwa, anapata tikiti. Akipata tikiti leo, leo leo nampa dawa."

"Huyu? Huyu hata kikapu hawezi kuinua."

"Kuandikwa si kuchuma. Aandikwe kwanza apone. Mengine tutaona."

Mengine tutaona! Mtu akikuambia hivyo, mshike shati akuonyeshe hapo hapo.

Bwana alikuwa na kipimo chake cha watoto. Hakuuliza miaka, maana alijua atadanganywa. Alimsimamisha mtoto kando ya mche wa chai, na kidevu kikipita juu ya mche, huyo alikuwa mtu wa kazi. Kidevu cha Mellen kisingepita. Kwa hiyo nilitangulia na jiwe langu, nikaliweka kati ya mistari miwili na kulifunika kwa matawi makavu yaliyopogolewa. Nilimpangusa mtoto uso kwa maji baridi ili asionekane anawaka, nikamfundisha mahali pa kukanyaga.

"Nikisimama vizuri nitapata dawa?" akaniuliza.

"Utapata."

Akasimama vizuri. Sijaona askari aliyesimama vile. Alibana meno yasigongane, akaweka mikono yote miwili juu ya mche, na kidevu chake kikapita kwa upana wa vidole viwili. Bwana akaja na mbwa wake, akatazama, akachorachora daftari.

"Hii toto iko sawa. Andika yeye," akamwambia Nyang'au, nyapara wa upande ule.

Nyang'au alilitazama rundo la matawi chini ya miguu ya mtoto, akanitazama mimi, akampeleka mtoto kwa karani. Naye alikuwa mtu wa Kisii, nadhani alimhurumia. Karani akachukua alama ya kidole gumba, na kabla ya saa sita Mellen alikuwa na tikiti yake na kwinini tumboni.

Alipona. Siku ya nne homa ilishuka, siku ya tano alikula uji akaomba mwingine. Nyanchoka aliniletea ndizi mbivu, akaniita "baba" badala ya "daktari". Nilizila ndizi zile nikiwa nimekaa mlangoni ili wapita njia wanione. Nilijiona mwokozi.

Lakini tikiti haikuwa cheti cha dawa. Ilikuwa deni la siku thelathini za kazi, na mtoto aliyeandikwa kisha asimalize alihesabiwa mtoro, na baba wa mtoro alitolewa kwenye nyumba ya kambi. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa nimeliweka kando tu, pale kwenye "mengine tutaona".

Nilimwandikia siku tano za ugonjwa. Nikamwongezea mbili. Siku ya nane bwana aliniuliza kwa nini yule mtoto mpya anajua njia ya dispensari kuliko njia ya shamba. Niliogopa akienda kumtazama atauona urefu wake halisi, atalikumbuka rundo la matawi, na mwisho wa mambo utakuwa kofia yangu. Kwa hiyo Nyanchoka alipokuja kesho yake kuniomba siku nyingine nne, nilikuwa na jibu tayari.

"Amepona, Mama Mellen. Homa imeisha."

"Homa imeisha, ndiyo. Lakini miguu haina nguvu. Akisimama anashika ukuta."

"Atapata nguvu huko kwa kutembea. Mimi siwezi kuandika mtu mzima kuwa mgonjwa."

"Mtu mzima!" akasema. Alikuwa na maana nyingine, kwamba binti yake hakuwa hata nusu ya mtu mzima. Hakuniita baba siku ile.

Mellen akaenda kuchuma. Alichuma siku kumi na moja. Nilimwona asubuhi akipita na wenzake, kikapu kinamgonga visigino, na kila aliponiona alisimama wima kidogo, kama nilivyomfundisha. Ilinichekesha. Naomba Mungu anisamehe, ilinichekesha.

Siku ya kumi na mbili ilinyesha mvua ya mawe. Sisi wa milima hii tumeizoea, inakuja mchana bila kubisha hodi na kuacha shamba jeupe. Wachumaji wanajua la kufanya: unamwaga majani, unafunika kichwa kwa kikapu, unachuchumaa mpaka ipite. Wakubwa wote walifanya hivyo. Mellen hakumwaga. Alikuwa ameambiwa kwamba majani yakimwagika hakuna alama ya siku, na yeye alikuwa mtoto wa kushika neno. Alikifunika kikapu kwa tumbo lake, akaacha mawe yampige kichwa na mgongo. Mvua ilipokwisha Nyang'au alimkuta bado ameinama hapo, amelowa chapachapa, midomo ya buluu, na majani yake makavu. Alimbeba mwenyewe mpaka mizani, akayapima yale majani na kumtia alama. Nafikiri hakujua afanye nini kingine.

Usiku huo kichomi kilimshika. Waliponiletea mtoto asubuhi, Nyanchoka aliitoa tikiti kabla sijaiuliza, akaiweka juu ya meza yangu. Ilikuwa na alama kumi na mbili. Nami kwa kichomi sikuwa na dawa, awe na tikiti au asiwe nayo. Nilimpaka mafuta ya kuchua kifuani. Nilimfunika blanketi langu. Siku ya tatu alikufa.

Tulimzika kwenye kiwanja cha juu ya kambi. Watu wa kanisa lao waliimba, na Ombati alifukia mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Nyanchoka hakunitazama hata mara moja. Kesho yake karani aliniletea tikiti, kwa kuwa ilikuwa kazi ya dresa kuandika sababu ya kutomaliza. Niliandika neno moja, "amekufa", na mkono wangu ulikuwa mtulivu. Mpaka leo nauonea haya utulivu ule.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata nioe. Usiku nilikuwa nalitafuta lile jiwe akilini, nalisogeza, naliondoa, namwona Mzungu akitikisa kichwa na kusema hii toto iko dogo, peleka yeye nyumbani. Halafu nakumbuka kwamba angepelekwa nyumbani angekufa kwa malaria. Basi nalirudisha jiwe. Nilikuwa nazunguka hapo hapo kila siku, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Hazikupita wiki tatu nikasikia kutoka kwa Nyang'au kwamba Nyakundi, yule mdogo wa mgongoni, anatetemeka. Ilikuwa Alhamisi. Nyanchoka hakuja dispensari. Nilimngoja asubuhi yote, na nilijua kwa nini haji.

Saa nane niliifungua chupa ya kwinini, nikatoa vidonge vinane, nikavitia mfukoni. Sikuandika popote. Mkono ule ule ulioandika "amekufa" ukafunga kabati. Nikaenda kwao. Nyanchoka alikuwa ameketi mlangoni na mtoto magotini.

"Huyu siandiki," akasema hata kabla sijasalimia. "Afadhali afe nyumbani kwake."

"Haandikwi, mama. Ni dawa tu. Msagie nusu, umchanganyie na maziwa. Na kesho tena, na kesho kutwa."

Alivitazama vidonge kiganjani mwangu. Halafu akavichukua.

Jumamosi ikafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zangu kwenye shuka, tayari kufukuzwa. Bwana akaja, nikamwekea chupa na daftari mezani. Akamkemea mbwa wake aliyekuwa ananusa kabati. Akatazama daftari, akatia sahihi, akaondoka. Chupa hakuigusa. Nikasimama pale nikijaribu kukumbuka, katika miaka yote niliyomfanyia kazi, ni lini aliwahi kuigusa. Sikuikumbuka hata siku moja. Mwenye kuhesabu vidonge vile, miaka yote, nilikuwa mimi.

Jumapili nikaenda kumwona mtoto. Alikuwa amekaa chini anacheza na kibuyu, amekonda lakini macho yako wazi. Nyanchoka alikuwa anasonga ugali. Alinikaribisha, akanisogezea kigoda, akaendelea kusonga. Baadaye, bila kugeuka, akaniuliza:

"Daktari, hiyo dawa ulitoa wapi?"

"Dispensari."

"Kwa chupa gani?"

"Ile ya siku zote."

"Ile ile iliyokuwa mezani siku nilikuja na Mellen?"

"Ile ile."

"Na bwana hajauliza?"

"Hajauliza."

Mwiko ukasimama. Nilisikia ugali ukitokota, na Nyakundi akigonga kibuyu chake sakafuni.

"Kumbe iliwezekana," akasema.

Hakulia wala hakunifukuza. Aliupakua ugali, akakata kipande cha kwanza, akaniwekea mbele yangu kama mgeni wa heshima. Nilikila chote.