Siri ya Kura, Kidato cha Nne

Wanafunzi wangu waliniita Bibi Katiba, na si kwa mapenzi. Nimefundisha uraia miaka ishirini na miwili. Hasira zangu ziko puani, na mtu akipiga miayo ninapoeleza mihimili mitatu ya dola namtoa nje akamalizie huko. Nalisema hili mapema ili asiwepo wa kunihurumia kwa ninayoyasimulia.

Mwaka huo kidato cha nne walikuwa thelathini na wanane, wote wa bweni. Tulipofika kwenye mada ya siri ya kura niliona wananakili tu, kalamu zinatembea na macho yako dirishani. Nikafunga kitabu. Nikawaambia tutapiga kura ya kweli: wachague kiongozi wa darasa, na chini ya jina kila mmoja aandike jambo moja ambalo angelibadilisha shuleni kama angekuwa na uwezo. Nilichana karatasi za daftari vipande vinne vinne, nikaleta boksi tupu la chaki na kulitoboa juu kwa kisu.

Binti mmoja aliuliza kama walimu wataona nani ameandika nini. Tulimwita Karani, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na mara nyingi nilimpa chaki aninakilie muhtasari ubaoni. Nilimjibu mbele ya wote.

"Hakuna atakayejua. Si mimi, si mkuu wa shule, si mtu yeyote. Ndiyo maana inaitwa siri."

Akainama akaandika, na aliandika kwa muda mrefu.

Sikuwa namdanganya. Nilichosahau ni jambo la kijinga kabisa, la mwalimu: nilikuwa nimesahihisha madaftari yao miaka mitatu. Nilipozimwaga karatasi zile kwenye meza yangu katika chumba cha walimu, hapakuwa na siri hata moja. Huyu anasahau nukta, huyu anakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka, yule herufi zake zote zimelalia upande mmoja. Ni kama walikuwa wamesaini.

Ningeweza kuzihesabu kimya kimya kisha nizichome. Lakini ilikuwa saa ya chai, wenzangu wamejaa, nami nikaanza kuwasomea. Walitaka magodoro mapya. Walitaka kengele ya asubuhi icheleweshwe. Mmoja alitaka Bibi Katiba ahamishwe, na hapo tulicheka mpaka mwalimu wa hesabu akapaliwa na chai. Kisha nikasoma hii: "Mkuu wa shule aache kufungua barua zetu. Ya mama ilinifikia imeshafunguliwa, na alikuwa ameniandikia habari za ugonjwa wake."

Kicheko kikakatika. Mwalimu wa hesabu akasema aliyeandika hivyo ana moyo. Nami, kwa kutaka tu waone jicho langu lilivyo kali, nikasema, "Huyo ni Karani. Mwandiko wake naujua hata usingizini."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikutishwa wala sikubanwa, nilimfichua mtoto wa watu bure, kwa majivuno.

Kabla ya chakula cha mchana habari zilikuwa zimemfikia mkuu. Karani aliitwa ofisini, akaulizwa kama ni yeye, akakubali. Akapewa barua ya kusimamishwa masomo mpaka bodi ya shule ikae. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki saba, na wote tulijua kwamba wanaopelekwa mbele ya bodi kwa kumkosea adabu mkuu huwa hawarudi.

Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja kumchukua kesho yake. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi, sanduku la bati la binti yake liko miguuni. Nilitaka kupita. Yeye akasimama kunisalimia kwa heshima zote, huku anajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu anasema aliandika kwa sababu wewe uliwaambia hakuna atakayejua. Mimi nimemgombeza. Nimemwambia mwalimu hawezi kusema hivyo halafu ikawa hivi, yeye ndiye aliyekuelewa vibaya. Sasa nakuuliza wewe. Alikuelewa vibaya?"

Karani alikuwa kando yake, anaangalia sakafu.

"Hapana, baba," nikasema. "Alinielewa sawasawa."

Akatikisa kichwa taratibu, akabeba sanduku begani, wakaondoka. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Jioni ile ile niliiandikia bodi. Siku ya kikao niliingia nikaeleza kwamba niliwaahidi watoto siri, wakaniamini, na mimi ndiye niliyeitoa. Nikasema kama kuna wa kufukuzwa anajulikana, na si mtoto. Mwenyekiti akamuuliza mkuu kama barua zinafunguliwa kweli. Mkuu akajibu kwamba ni utaratibu wa siku nyingi, kwa usalama wa wanafunzi. Mwenyekiti akasema suala hilo litaangaliwa, na nijuavyo mimi bado linaangaliwa. Lakini Karani akaruhusiwa kurudi. Mimi nikapewa onyo la mwisho, nikatia saini, likawekwa kwenye faili langu.

Alirudi zikiwa zimebaki wiki nne kabla ya mtihani. Uchaguzi ule ulikuwa umefutwa, kwa hiyo nilichana karatasi upya, nikaleta boksi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, na niliyasema yote. Kisha Karani akanyoosha mkono, akasimama.

"Mwalimu, tunashukuru. Tumekusamehe, na tumeongea wote bwenini. Ila tunaomba kura usizihesabu wewe. Tunaomba aje mpishi. Yeye hajawahi kuona madaftari yetu."

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimehatarisha kazi yangu kwa ajili yake, nimejidhalilisha mbele ya bodi, na haya ndiyo malipo. Nikamuuliza kama bado hawaniamini.

"Si hivyo, mwalimu," akasema, taratibu, bila kiburi. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Ulisema tusiulize mtu ni mwema kiasi gani, tuulize akiamua kutuumiza, nini kitamzuia."

Nilikuwa nimelisema, tena mwaka baada ya mwaka, na kulipigia mstari ubaoni kwa chaki nyekundu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu huyo ni mimi. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile nilijivunia mtoto yule kuliko nilivyowahi kujivunia mwanafunzi yeyote.

Nikamwita mpishi. Akaja na aproni yake, akashangaa, nikamkabidhi boksi. Nikatoka nje, na mmoja wao akafunga mlango nyuma yangu. Nilisimama pale mlangoni, nikasikia sauti ya mpishi ikisoma jina moja baada ya jingine, na darasa zima likihesabu pamoja naye. Niliwasubiri mpaka walipomaliza, na ndipo nilipobisha hodi.