Tumeshazama, Mheshimiwa

Nahodha wa meli ya kubeba ndege na nahodha wa nyambizi walikuwa wanyumba: wameoa dada wawili, na kila mlo kwa mama mkwe uligeuka vita.

"Meli yenyewe inabeba ndege nane tu," alisema wa nyambizi huku akitafuna, "na jeshi zima la majini linaizunguka kuilinda. Huo ni ulinzi au ulezi?"

"Wewe unaishi ndani ya kopo. Mambo ya angani utayajulia wapi?" alijibu mwenziwe. Aliipenda meli yake kama mboni ya jicho, ila swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya mazoezi, admirali aliwapandisha wabunge melini ili wakubali kununua ya pili. Ndege zikaruka moja baada ya nyingine, waheshimiwa wakaziba masikio na kucheka kama watoto. Nahodha wa meli kifua mbele. Admirali akashika kipaza sauti.

"Waheshimiwa, hakuna adui atakayethubutu kuisogelea..."

Moshi wa kijani, alama ya topido la mazoezi, ukafuka majini, pua na mdomo na ubavu wa meli. Redioni ikaja sauti ile ile ya mezani: "Habari za huko juu, mwanyumba? Nimeshakuzamisha."

Mwenyekiti wa kamati ya wabunge, mama wa miwani mizito, akamgeukia nahodha. "Moshi huo wa nini?"

"Mapambo," admirali alidakia, macho kayatoa.

Uongo ulikuwa tayari ulimini mwa nahodha, ukagoma kutoka. "Tumeshazama, mheshimiwa. Sote hapa ni marehemu."

Kamati ikakuna kichwa wiki nzima, kisha ikaamua: kwa kuwa meli ni rahisi kuzamishwa, inunuliwe ya pili iilinde ya kwanza. Mabaharia wake watolewe kwenye nyambizi, nayo ifungwe gatini. Nahodha msema kweli akapelekwa stoo ya sare.

Jumapili wanyumba wakakaa mezani, wapole kama kuku walionyeshewa.

"Haya, ulinishinda," alisema wa meli.

"Nilikushinda nini? Topido lilinirudia mwenyewe!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka machozi.

"Afadhali," mama mkwe alisema akiondoa sahani. "Sasa nina wakwe wawili nchi kavu, na ukuta wa nje unataka rangi."

Wakaupaka jioni hiyo hiyo, wakigombania nani ashike ngazi.